Tupime Waya Kabla ya Kumpima Mtu

Sauti ya gitaa la kwaya yetu hapa Temeke ilikuwa ikishuka ghafla katikati ya nyimbo, na baadhi ya wanakwaya wakataka kijana mpigaji aondolewe. Tuliomba kwanza vyombo vichunguzwe. Gitaa lilipounganishwa moja kwa moja na amplifaya, sauti ilitulia mazoezi yote. Kwenye kifaa cha efekti, hata baada ya kubadili nyaya na adapta ya umeme, hitilafu ilirudi. Hewa ya pwani, yenye unyevu na chumvi, ilikuwa imeleta kutu kwenye tundu la kuchomekea waya. Umeme ukazimwa, tundu likasafishwa kwa spiriti, sauti ikarejea. Kijana angali nasi. Ni wangapi tumewahukumu kwa kutu isiyo yao? Dominika njema.