Shamba lililoitwa Angola

Kitambulisho cha guka yangu kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari. Si kweli. Shosho anasema alizaliwa wakati wa mvua ndefu, na karani alijaza tu tarehe iliyokuwa rahisi. Nyumbani huwa tunaicheka hiyo stori. Juzi nikasoma kuhusu jamaa anaitwa Anthony Johnson, kicheko kikaniisha.

Skiza. Mwaka wa 1621 meli inaitwa James ilifika Virginia, koloni ya Waingereza huko Marekani. Ilimleta Mwafrika mmoja. Kwenye hesabu ya watu ya 1625 ameandikwa Antonio, mtu mweusi. Basi. Hakuna jina la baba, hakuna kijiji, hakuna lugha. Baadhi ya Wazungu waliofika miaka hiyo, vitukuu vyao wanaweza kuwafuata mpaka kanisa walilobatizwa Uingereza. Huyu, karani alimkata mizizi kwa mstari mmoja.

Lakini maisha yake, maze! Machi 1622 wapiganaji wa Powhatan walivamia shamba alilofanyia kazi, akawa kati ya wachache waliopona. Akaoa Mary, Mwafrika mwenzake. Akapata uhuru, na kufikia 1651 alikuwa na ekari 250 za ardhi. Halafu sehemu inayouma: yeye mwenyewe alimshikilia Mwafrika mwingine, John Casor, na mwaka wa 1655 mahakama ikamrudishia Casor kama mali yake. Hapo nilitaka kuweka simu chini. Lakini huwezi kuchimba mizizi halafu uchague ile mitamu pekee.

Alihamia Maryland na akafa 1670. Mwaka huo huo, baraza la mahakama Virginia likaamua kwamba kwa kuwa alikuwa mweusi, alikuwa mgeni, kwa hivyo ardhi aliyoacha huko ingeweza kuchukuliwa na Mfalme. Mgeni! Baada ya karibu miaka 50!

Sasa angalia hii. Mwaka wa 1677 mjukuu wake, John Johnson, alinunua ekari 44 huko Maryland. Akalipa shamba jina: Angola. Waafrika wengi waliopelekwa Virginia miaka hiyo walitekwa pande za Angola na kupakiwa melini na Wareno, ndiyo maana wanahistoria wanalichukua jina hilo kama alama kubwa ya alikotoka babu. Makarani hawakuuliza. Lakini kuna mtu nyumbani alimwambia huyo kijana, na yeye akaliandika kwenye ardhi.

Jumapili nilimpigia shosho. Guka ameanza kusahau vitu, na mimi sikuwahi kuuliza mamake aliitwa nani. Shosho akanyamaza kidogo, kisha akacheka: "Si ni hilo la shangazi yako mkubwa? Ulidhani tulilitoa wapi?"

Nilijiskia mjinga. Desturi naijua tangu utotoni, binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba. Nimeita hilo jina maisha yangu yote nikiomba chai na pesa ya matatu, na sikuwahi kufikiria kwamba nilikuwa namtaja mtu mwingine.

Nimerekodi dakika 40 za shosho. Jumapili ijayo naenda mwenyewe, nikae na guka pia, kabla hajasahau zaidi.

Wewe je, mama ya guka yako aliitwa nani?