Siku Kumi na Tranziti

Mbwa wangu anaitwa Tranziti kwa sababu alishuka kutoka kwa trela. Kama umewahi kufika Malaba unaijua ile foleni: malori yamejipanga kutoka geti la mpaka hadi unachoka kuhesabu, mizigo ya Mombasa ikingoja kuingia Uganda na kuendelea hadi Rwanda, Kongo au Sudan Kusini. Tanboi mmoja aliniita akiwa amebeba mtoto wa mbwa ndani ya kofia. Walimwokota mahali karibu na Eldoret, akasema, na dereva hakutaka kuvuka naye. "Chukua, bro. Huyu hana makaratasi." Alikuwa mdogo hivi kwamba alienea kwenye begi la kamera. Lenzi nikazibeba mkononi.

Makaratasi ndiyo yaliyolisha studio yetu kwanza. Mzee aliyenifundisha kazi aliishi kwa picha za pasipoti, zile ndogo nne kwenye karatasi moja, kitambaa cheupe ukutani, "usicheke, angalia hapa." Tangu 2014 Mkenya na Mganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho tu, na biashara hiyo ikapungua. Mimi naishi kwa harusi na matanga. Ijumaa niko kwa jeneza Amagoro, Jumamosi niko kwa bibi harusi Busia, na shati ni lilelile.

Asubuhi lakini ni za Tranziti. Tunatoka kabla jua halijachoma, tunapita nyuma ya nyumba, kwenye mikaratusi ambayo watu wamepanda wauze nguzo na kuni, mpaka tunafika Mto Malaba. Mto huo ndio mpaka wenyewe. Wakati wa kiangazi maji yakipungua, Tranziti anaruka mawe matatu na yuko Uganda, ananusa kitu huko, anakojolea kichaka, anarudi. Mimi nabaki Kenya na kamera yangu. Picha nzuri zaidi nilizopiga msituni aliziona yeye kwanza. Anasimama, sikio moja juu, nami natazama anakotazama: tumbili na mtoto wake tumboni, yangeyange kwenye ukungu, mwanamke amebeba gunia kichwani akivuka pasipo na geti.

Jumapili zingine tulipanda boda hadi Kakapel, yeye katikati yangu na dereva. Kwenye mwamba wa pale kuna michoro ya kale, mingine maumbo tu ya duara na mistari, mingine ng'ombe. Mahali hapo palitangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa mwaka wa 2004. Nilipenda kukaa chini ya ule mwamba nikiwaza kwamba kuna mtu, zamani sana, aliyetaka mnyama wake asisahaulike. Tranziti alilala kivulini.

Nasema haya ili ujue nilimpenda, kwa sababu kinachofuata hakionyeshi hivyo.

Nilipata kazi ya siku moja Kakamega. Mteja alitaka picha za msitu: mbega weusi kwa weupe wakiruka juu kabisa ya miti, mizizi mikubwa kama kuta, ule mwanga wa kijani ambao hauupati kwingine Kenya, maana Kakamega ni mabaki ya msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo. Hifadhini mbwa haruhusiwi. Kwa hivyo saa kumi na moja alfajiri nilimfunga Tranziti kwenye mwembe wa ploti, kwa kamba fupi asije akaenda barabarani, nikamwekea ugali na omena na bakuli la maji. Nikaondoka. Siku nzima nilipiga picha za wanyama wa porini waliokuwa huru.

Kivuli cha mwembe kilihama kabla ya saa sita. Bakuli lilikuwa limepinduka. Saa nane jua likiwa utosini, mvulana wa jirani, ana miaka tisa, alitoka shuleni akamwona vile alivyo. Akachota maji kwa sufuria, akampelekea. Tranziti alimuuma mkononi.

Alikuwa anampelekea maji.

Mvulana huyo analelewa na nyanya yake, ambaye ploti nzima tunamwita Kukhu. Nilipofika jioni nikamkuta bombani, ameshaosha kidonda kwa sabuni ya kipande na bado anaosha. Nilianza kusema pole. Hakuinua macho.

"Wewe umewahi kuona mtu akifa na kichaa cha mbwa?"

"Hapana, Kukhu."

"Mimi niliona, nikiwa msichana, huko Samia. Alikuwa na kiu. Ukimletea maji anapiga kelele."

Kituo cha kwanza tulichoenda walituambia chanjo imeisha. Tukapanda matatu ya mwisho kwenda Busia, Adungosi na Alupe zikipita gizani, mtoto katikati yetu, mkono wake umefungwa kwa leso. Hakuna aliyeongea. Huko Busia chanjo ilikuwepo. Daktari aliuliza swali moja tu lililonihusu.

"Mbwa amechanjwa?"

Septemba iliyotangulia, karibu na tarehe 28, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, gari lilipita mtaani na kipaza sauti. Chanjo ya mbwa ingekuwa bure, Jumamosi, kwenye uwanja wa shule. Niliisikia vizuri. Jumamosi hiyo nilikuwa na harusi.

"Hapana, daktari."

Alituelezea polepole. Mtoto angedungwa sindano tano ndani ya mwezi: siku hiyo, halafu siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Ugonjwa huu dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona, ndiyo maana hawangoji. Mbwa asiuawe. Afungwe mahali salama, atazamwe siku 10. Virusi huingia kwenye mate wakati mbwa ameshakaribia kuugua, kwa hivyo akiwa mzima siku 10 baada ya kuuma, maana yake siku aliyouma hakuwa anaambukiza. Nililipa. Pesa ya ile harusi, niliyoipenda kuliko chanjo ya bure, iliisha kwenye sindano ya pili.

Asubuhi vijana wa stegi walikuwa kwangu na mawe na rungu. Sikulaumu. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango sijui niseme nini, ndipo Kukhu akatokea nyuma yao.

"Mkimuua leo, tutajuaje?"

Wakaondoka. Kukhu hakuniangalia.

Tranziti nilimfungia chumba cha nyuma cha studio, penye dirisha la waya linaloangalia uani. Kila jioni saa kumi na mbili nilisukuma bakuli la maji ndani kwa fimbo, nikapiga picha moja. Sikuwa na lengo la sanaa. Niliogopa kwamba macho yangu yatanidanganya, kwamba nitaona uzima kwa sababu nautaka. Na kila jioni Kukhu alikuja hadi uani, akasimama mbali kidogo.

"Amekunywa?"

"Amekunywa, Kukhu."

Akaenda. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu yote.

Siku ya nne Tranziti hakunywa. Alilala ukutani, akalitazama bakuli, akageuza kichwa. Nilingoja dakika kumi, ishirini. Nikasikia kandambili za Kukhu.

"Amekunywa?"

"Amekunywa, Kukhu."

Ilinitoka tu, kama vile unavyomwambia bibi harusi asishtuke, picha zote zimetoka sawa. Akatulia. Kisha akanyoosha mkono.

"Nionyeshe picha."

Nikampa kamera. Aliishika kwa mikono miwili. Kwenye kioo kidogo kulikuwa na mbwa amegeuka, na bakuli limejaa hadi ukingoni. Alitazama kwa muda mrefu kuliko mteja yeyote niliyewahi kumwonyesha kazi yangu. Sikupata neno. Akanirudishia, akaondoka, nikajua anaenda kuwaita wale vijana.

Alirudi na stuli na shuka. Akakaa nje ya dirisha.

Tulikaa hapo usiku kucha, yeye kwenye stuli, mimi kwenye kreti ya soda. Malori yaliunguruma barabarani. Mara moja tu aliongea, akaniambia mjukuu wake anauliza kama Tranziti anapewa chakula. Kabla ya adhana ya alfajiri tulisikia sauti tusiyoiona: ulimi kwenye maji. Lap, lap, lap. Nilimulika kwa simu. Bakuli lilikuwa linashuka. Kukhu alikunja shuka lake, akachukua stuli, akaenda kumwandaa mtoto wa shule. Mpaka leo sijui kwa nini hakunywa jioni ile. Labda joto. Labda alinichoka.

Siku ya 10 alikuwa mzima. Daktari alisema sasa zile sindano mbili zilizobaki si lazima. Kukhu akasema mjukuu wake atadungwa zote, na atakayelipa anajulikana. Nililipa.

Septemba iliyofuata nilikataa matanga mawili. Uwanja wa shule ulijaa: watoto wakivuta mbwa kwa kamba za mkonge, kwa mikanda, mmoja kwa waya wa chaja. Mtu wa mifugo alikuwa anaelezea kwamba mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita, na kwamba Kenya inataka pasiwe na mtu wa kufa nao ifikapo 2030. Mvulana ndiye aliyeshika kamba ya Tranziti. Aliomba mwenyewe. Alishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una alama mbili ndogo juu ya kidole gumba.

Tulipopewa kadi, aliigeuza mbele na nyuma. Jina la mbwa, rangi, jinsia, tarehe.

"Picha inabandikwa wapi?"

Nikamwambia mbwa hawabandikwi picha. Alinitazama kama mtu anayejua kazi yangu ni nini. Tulipita studio, nikaweka kile kitambaa cheupe, Tranziti akakaa. Tukachapa nne kwenye karatasi moja. Moja iko kwenye kadi, imebandikwa kwa gundi ya shule, imepinda kidogo. Mvulana alichukua mbili.

Ya nne nilimpelekea Kukhu. Aliipokea, akaitazama, akaiweka kwenye mfuko wa aproni bila neno. Tukikutana asubuhi nikienda mtoni na Tranziti, bado anavuka barabara akapite upande wa pili. Namsalimia kutoka huku. Anaitikia kutoka kule.

Kamba ninayotumia sasa ni ndefu.