Aliongoza Askari, Akanyimwa Kura

Mke wa askari anajua jinsi faili la pensheni linavyozunguka kutoka meza hata meza, miaka ikipita na watoto wakikua. Harriet Tubman wa Marekani alidai haki yake kwa zaidi ya miaka 30.

Mama huyo alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland yapata mwaka 1822, akatoroka mwaka 1849. Wengi wangalimshukuru Mungu na kukaa kimya. Yeye alirudi Maryland mara 13 hivi, kwa siri, akawatoa watu wapatao 70, wakiwamo ndugu zake na wazazi wake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, jeshi la Kaskazini lilimtumia huko South Carolina kama muuguzi, mpishi na mpelelezi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 1863, yeye na Kanali James Montgomery waliwaongoza askari, wengi wao watu weusi, wakaupanda mto Combahee kwa merikebu za mvuke. Mahali mabomu yalipotegwa majini palikuwa pamekwisha kujulikana, kwa kuwa Harriet alikusanya habari kwa watumwa wenyewe, nani angaliwashuku? Kulipokucha watu walitoka mbio katika mashamba ya mpunga, watoto mgongoni, mama mmoja akiwa na chungu kichwani, wali ukifuka moshi bado. Zaidi ya watu 700 walipata uhuru siku ile.

Vita vikaisha mwaka 1865 na utumwa ukafutwa. Mwaka 1870 Katiba ikakataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Mtu, yaani mwanamume. Nelson Davis, askari wa zamani aliyemwoa Harriet mwaka 1869, alihesabiwa raia mwenye kura. Mkewe, aliyewaonyesha askari njia, hakuhesabiwa. Jambo hilo liliwagawanya hata wale waliopinga utumwa pamoja: wengine walitaka wanawake wangoje, wengine wakaona uchungu kutanguliwa na mtu mweusi, na hao wa pili walijivunjia heshima. Harriet hakuacha kudai yote mawili. Mwaka 1896, mjini Rochester, alipanda jukwaani pamoja na Susan B. Anthony kudai kura ya wanawake.

Nelson alifariki mwaka 1888. Harriet akapewa dola 8 kwa mwezi, kwa kuwa mjane wa askari. Bunge lilipoziongeza kuwa 20 mwaka 1899, lilihesabu uuguzi wake, si upelelezi. Kwa kipato hicho kidogo aliwatunza wazee maskini huko Auburn, New York.

Alifariki tarehe 10 Machi 1913, akazikwa kwa heshima za kijeshi. Wanawake wa Marekani walipata kura mwaka 1920, ingawa huko Kusini wanawake weusi walizuiwa kwa hila na vitisho mpaka sheria ya mwaka 1965. Mwezi wa Novemba 2024 jimbo la Maryland, lile lile alikozaliwa mtumwa, lilimpa cheo cha Brigedia Jenerali.