Mwalimu Chini ya Mwembe

Goti langu liliumia uwanjani nikiwa kidato cha tano. Daktari alinishauri niache mpira, nitafute zoezi la polepole. Nilipofika chuoni hapa Kampala nikaanza kutafuta shule ya taichi.

Ya kwanza ilikuwa na bango kubwa. Mwalimu alidai ada ya miezi mitatu kabla sijaona hata somo moja, akajigamba kwamba anaweza kumwangusha mtu bila kumgusa. Nililipa. Pesa zenyewe mama alizipata kwa kuuza matoke. Tulipiga mateke wiki tatu. Goti likavimba, naye akasema nivumilie. Nilipomuuliza alifundishwa na nani, alikasirika.

Wa pili nilimkuta asubuhi moja akifundisha wazee wanne chini ya mwembe. Nikaomba kutazama, akanionyesha jiwe la kukalia. Walikuwa wakijifunza ule mfuatano wa miondoko 24 uliotungwa China mwaka 1956 ili watu wa kawaida waumudu, lakini saa nzima hawakuvuka mwondoko wa tatu. Kila mara alirudi kwenye magoti: lisipite vidole vya mguu, lisilalie ndani. Nilipomweleza habari zangu, hakuniahidi kupona.

“Daktari alisemaje, mwanangu?” aliuliza. Kisha akaniambia nisichuchumae sana. Mwalimu wake alinitajia mwenyewe, kabla sijauliza.

Huu ni mwezi wa tano, nami nimefika mwondoko wa tisa. Ngazi za bweni napanda bila kushika ukuta. Mama bado hajui zile pesa za kwanza ziliishia wapi.