Tukijiandaa kwa Milima ya Sinai



Binti yetu anamaliza masomo yake Cairo mwaka huu, inshallah. Tulipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaja dhahabu wala karamu. Aliomba wazazi wake wamfuate huko, kisha twende sote watatu tukatembee kwa miguu siku tatu katika milima ya Sinai. Mama watoto ana goti linalomsumbua kwa miaka sasa, nasi tumezoea kupanda ngazi za mimbari tu. Jibu letu la kwanza lilikuwa hapana.

Hata hivyo tuliulizia. Njia ya Sinai ilifunguliwa mwaka 2015 ikiwa na urefu wa kilomita 220, kutoka Ghuba ya Akaba hadi Jabal Katerina, mlima mrefu kuliko yote nchini Misri. Mwaka 2018 ilirefushwa ikafika kilomita 550, ikapita katika ardhi za makabila manane ya Mabedui. Mgeni hatembei peke yake: kila kabila humwongoza katika ardhi yake, na mpakani humkabidhi kwa wenzao. Tangu mwaka 2019 wapo hata wanawake wa kabila la Hamada wanaoongoza wageni wa kike, na jua lisizame wakiwa nje. Mama watoto alipolisikia hilo, aliacha kuchambua mchele. Kwa bahati mbaya bonde lao haliko upande tunaokusudia.

Tumechagua kipande cha milimani peke yake, pembeni mwa mji wa Katerina, ulio karibu mita 1,600 juu ya bahari. Huko usiku wa kipupwe huganda maji, na theluji huanguka. Baridi hiyo hatuichezei. Mwaka mmoja tuliwapeleka wanafunzi wa madrasa Taita kupanda Vuria, tukiwa na kanzu na makubadhi. Tulirudi tukitetemeka, na vijana wakicheka pembeni kwa adabu. Kwa hiyo safari tumeipanga mwezi wa kumi, kabla baridi haijakaza, na kila mtu atakuwa na koti zito.

Maji ni lita tatu au nne kwa kila mtu kwa siku, na ngamia ndiye mbebaji. Yakipungua, ya kunywa yatatangulizwa, nasi tutatayamamu. Swala tutazipunguza. Kuhusu viatu, tumeagiza vinavyofunika vifundo vya miguu, tukivivaa tukiwa na udhu, maana msafiri ana ruhusa ya kupaka juu ya khofu siku tatu na usiku wake. Safari yetu imeenea humo barabara! Kibla nacho kitageuka: sisi wa Mombasa tunaelekea kaskazini, huko tutaelekea kusini-mashariki.

Lililobaki ni goti. Jabal Musa, ambao kwa mapokezi ya wenyeji ndipo Nabii Musa (A.S.) aliposema na Mola wake, una kimo cha mita 2,285. Ngamia hupanda sehemu kubwa, lakini njia yake huishia chini ya ngazi 750 za mwisho, za mawe. Tulimshauri mama watoto abaki mjini. Akajibu: "Nimemlea miaka ishirini na mitatu, nisimfuate siku tatu?"

Basi atapanda ngamia hadi ngazini, na hapo ataamua mwenyewe. Akikaa, mmoja wetu atakaa naye, na huyo hatafika kileleni. Binti anasema atakaa yeye. Sisi tunasema hapana, ni safari yake. Hatujaelewana bado.

Wakati huo mwenyewe kila baada ya swala ya alfajiri hutoka Kibokoni hadi Fort Jesus na kurudi, mkononi ana fimbo ya marehemu babake. Juzi alisema Fort Jesus pamekuwa karibu mno. Jana alipitiliza hadi Mama Ngina, nasi tuko nyuma yake tunahema.