Watu 47,564,296: Nani Atabaki?

Wengi wetu humu shuleni tukisikia neno Hisabati tunashikwa na kizunguzungu, na nambari ikiwa ndefu ndiyo balaa zaidi. Leo nawaletea moja ndefu: 47,564,296. Hiyo ndiyo idadi ya watu waliohesabiwa Kenya nzima katika sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019.

Nilichukua kalamu na karatasi nikaanza kuigawanya. Kwa 2 ikakubali mara tatu. Kwa 3 ikakataa katakata. Kwa 13 ikakubali, kwa 19 vilevile, nikabaki na 24,071. Hapo nilitoka jasho! Nilijaribu nambari tasa zote hadi 151, hakuna iliyoingia. Inayofuata ni 157, na 157 mara 157 tayari inazidi. Kumbe 24,071 nayo ni tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Basi nambari yetu ni 2 × 2 × 2 × 13 × 19 × 24,071, na vigawanyo vyake vyote ni 32.

Kaunti zetu ni 47. Ukiwagawa watu hao sawasawa, kila kaunti itapata 1,012,006 na watu 14 watabaki. Darasani tunaandika "baki 14" na kufunga daftari. Lakini jamani, hawa si maembe ya Muthurwa! Nani atawaambia kwamba hawana kaunti?

Lililonigusa zaidi ni hili. Mtoe mtu mmoja tu, ibaki 47,564,295. Vile vigawanyo 32 vyote vinakataa, isipokuwa 1. Ndiyo kanuni: nambari mbili zinazofuatana hazina kigawanyo cha pamoja ila 1.

Nyanya yangu alilala kwetu Umoja usiku ule, na karani akamwandika pamoja nasi. Alifariki Septemba. Matokeo yalipotangazwa Novemba, yeye alikuwa kaburini. Mtu angesema, mmoja katika milioni 47 ni nini? Mimi nimepiga hesabu. Bila nyanya, 13 haiingii, 19 haiingii, hata 2 haiingii.

Kwa hivyo rafiki yangu, ukiambiwa wewe ni mtu mmoja tu, usiinamishe kichwa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nami naongeza: haba moja ikitoka, kibaba hakijajaa.