Tutamzika Jumatano

Babu alifariki mwaka 1974, nami nikiwa na miaka kumi na mmoja. Asubuhi ile baba alinishika mkono tukaenda posta ya Korogwe kumpelekea telegramu baba mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge, mtu wa hati nzuri na maneno mengi. Barua zake kwa nduguye zilikuwa zikijaza ukurasa mzima wa salamu kabla hajagusa jambo lenyewe. Pale kaunta akaandika: "Kaka mpendwa, kwa masikitiko makubwa nakuarifu kwamba baba yetu mpenzi amefariki dunia usiku wa kuamkia leo na mazishi yake yanatarajiwa kufanyika siku ya Jumatano." Karani wa posta akapitisha ncha ya penseli juu ya kila neno, midomo ikimtembea. Maneno ishirini na manne. Akataja bei. Baba akatazama pesa alizokuwa nazo mkononi, akaomba fomu nyingine.

Fomu ya pili ilisema: "Baba amefariki. Tutamzika Jumatano. Njoo."

Maneno matano. Karani akagonga muhuri, tukaondoka. Njia nzima sikusema na baba. Niliona amempunja babu, mzee aliyetulea wote, akaagwa kwa maneno yanayoenea kiganjani. Baba mkubwa alishuka kwenye basi Jumanne jioni, na hilo nalo halikunituliza.

Nilikua na imani hiyo kwamba maneno mengi ndiyo heshima, na shule ikaitia mbolea. Insha iliyopata alama za juu ilifunguliwa kwa methali na kufungwa kwa methali, na katikati ikapambwa kwa maadamu, ilhali na aghalabu. Kidato cha tatu niliandika sentensi moja iliyojaza mistari sita, mwalimu akaisoma mbele ya darasa huku wenzangu wakinigeukia kunitazama. Simlaumu. Alikuwa anatupa akiba ya maneno, na akiba ile naila mpaka leo. Ila katika miaka yote minne hakuna aliyeniuliza: hapa ulitaka kusema nini?

Aliyeniuliza kwanza alikuwa mhariri wa gazeti moja la Kiswahili Dar es Salaam, nilikoajiriwa mwaka 1985. Alikuwa mzee wa Pangani, mpole, mwenye kalamu nyekundu isiyotoka mfukoni mwa shati. Wiki ya pili nilimpelekea habari iliyoanza hivi: "Mkuu wa wilaya alisema kwamba serikali inaendelea kufanya jitihada za kuhakikisha kuwa zoezi la uchimbaji wa visima linaweza kufanikishwa kwa wakati, ambapo aliwataka wananchi kuweza kutoa ushirikiano katika suala la utunzaji wa visima hivyo."

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasoma mara mbili.

"Binti, nani atachimba?"

"Serikali, mzee."

"Serikali haishiki sururu. Nani?"

Nikafungua daftari.

"Visima vingapi? Vijiji gani? Lini?"

Daftari langu lilikuwa na neno "visima" na jina la mkuu wa wilaya, basi. Mzee hakunigombeza. Alinisogezea simu ya mezani. Ilinichukua karibu saa nzima kumpata mtu wa kunijibu, na jioni tukachapa: "Idara ya Maji itachimba visima vinne katika vijiji viwili kabla ya mvua za masika. Mkuu wa wilaya amewaomba wanakijiji wavilinde." Habari ilikuwa imepungua karibu nusu, na kwa mara ya kwanza ilikuwa habari. Urefu wote ule wa mwanzo ulikuwa unafunika daftari tupu. Tangu siku hiyo, nikiona sentensi yangu inatambaa tambaa, huwa sianzi kwa kuipunguza maneno. Huanza kwa kujiuliza ni kitu gani sikijui.

Mzee alinionyesha pia pa kutafuta. Alinipa kalamu akanituma nizungushie duara kila neno linaloanza na u na kuishia na -aji: uchimbaji, utunzaji, ugawaji, utoaji, uhamasishaji. Maneno haya yana kazi yake, na kichwa cha ripoti hakiendi bila hayo. Lakini kila moja limemeza mtu. "Ugawaji wa mbegu utafanyika" haina anayegawa wala anayegawiwa. "Tutawagawia mbegu" inao wote wawili, tena kwa neno moja tu la kitenzi. Hiki ndicho nisichochoka kukisema juu ya Kiswahili: kitenzi chetu kimebeba watu ndani yake. Tu-ta-wa-gawia. Yupo atendaye, upo wakati, yupo atendewaye. Lugha nyingine zinahitaji maneno matatu au manne kufika hapo, sisi tumepewa moja, kisha tunalivunja wenyewe tupate jina zito na "kufanyika" la kulikokota.

Usiku mmoja nikiwa nazungushia maduara hayo ndipo telegramu ya baba iliponirudia. Katika ile fomu ya kwanza "mazishi yake yanatarajiwa kufanyika", kana kwamba yatajifanya yenyewe, nasi hatumo. "Tutamzika": tu ni sisi, baba na nduguze na mimi mtoto niliyesimama kando ya kaunta, m ni babu. Baba alikuwa hajampunja mtu. Alikuwa ametuweka wote kaburini pake. Alipofariki baba mkubwa mwaka 1991 tuliikuta telegramu ile katika sanduku lake, imekunjwa mara nne, pamoja na cheti chake cha ubatizo.

Kwenye rafu ya mzee yule kulikuwa na vitabu viwili alivyoviweka bega kwa bega: tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, ile iliyotoka mwaka 1963, na ile aliyoisahihisha akaitoa tena mwaka 1969, safari hii hata jina akiwa amelifanya Juliasi Kaizari. Mzee alipenda kuvifungua vyote viwili kwa pamoja mezani. Rais mwenye nchi changa mikononi alikuwa amerudi kwenye mistari yake mwenyewe akaipitia upya, nasi tulikuwa tukilalamika kurudishiwa habari ya aya tatu.

Lakini kuna kosa ambalo hata kalamu nyekundu haikulinasa, na sijalisahau. Lori lilipinduka milimani, nikaandika: "Mama wa mtoto aliyefariki katika ajali hiyo amepelekwa hospitali ya mkoa." Mimi nilijua aliyefariki ni mtoto. Dada wa yule mama alisomewa gazeti sokoni, akasikia kwamba aliyefariki ni mama. Siku ya tatu alikuja ofisini, miguu imejaa vumbi, na aliyoniambia ni haya tu: "Mliniulia mdogo wangu siku mbili nzima."

Nimeitazama sentensi ile miaka yote hii. Kiswahili kwa kawaida hutulinda. Ukisema "mlango wa nyumba uliovunjwa", kilichovunjwa ni mlango. Ukisema "mlango wa nyumba iliyovunjwa", ni nyumba. Ngeli zinakunyooshea kidole. Hata "mama wa watoto waliofariki" isingemdanganya mtu. Ila mama mmoja na mtoto mmoja wako ngeli moja, na "aliyefariki" inawafaa wote wawili sawasawa. Hapo sarufi imemaliza ulinzi wake, anabaki mwandishi. Dawa yake ilikuwa nukta: "Mtoto amefariki. Mama yake amelazwa hospitali ya mkoa." Hali ni ile ile katika "Juma alimwambia Hamisi kwamba mkewe anaumwa". Mke wa nani? Anayeandika hulijua jibu kabla ya kuandika, ndiyo maana haoni kwamba swali lipo. Nilianza kuzisoma habari zangu kama mgeni, nikijilazimisha kutojua, na nilipozidiwa nilimpa mchapaji asome yeye kwa sauti.

Baadaye nilipokaa mimi kwenye kiti cha mhariri, nilipitiliza upande wa pili. Nilikata kila kilichojirudia. Ripota alileta habari ya msaada kwa shule moja: wanafunzi sitini walipewa madaftari mawili mawili. Nikaona "mawili" yamejirudia, nikafuta moja. Gazeti likatoka likisema wanafunzi sitini walipewa madaftari mawili. Wazazi wakaenda kumuuliza mwalimu mkuu mengine yako wapi, na mwalimu yule hakuwa amegusa hata ukurasa. Tuliomba radhi, lakini tuhuma ikishaingia kijijini haitoki kwa mistari minne ya masahihisho. Nikajifunza kwamba katika lugha yetu kurudia ni maana: mawili mawili, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Nikajifunza vilevile kutogusa "mzazi" katika "mama mzazi". Kwetu mtu ana mama mkubwa na mama mdogo, na katika taarifa ya msiba neno hilo moja ndilo linalowaambia watu kwa nani waende kuhani. Salamu za barua nazo niliziacha mahali pake. Baba alizikata siku ile kwa sababu ya msiba na bei, na barua yake iliyofuata kwa nduguye ilijaa salamu kama kawaida.

Kompyuta zilipokuja, nilitarajia kazi ya kupunguza maneno iwe nyepesi. Ikawa ngumu, maana aya nzima ya ripoti ya semina iliweza kubebwa ilivyo na kupachikwa kwenye habari bila mtu kuisoma. Ujumbe wa simu wa herufi 160 ukatubana tena, lakini watu wakakata herufi wakaacha maneno yale yale.

Nilistaafu, nikarudi Korogwe. Nilidhani nimemalizana na mambo haya, hadi shangazi yangu, dada wa mwisho wa baba, alipopata kidonda mguuni kisichotaka kupona. Alikuwa amepewa dawa pamoja na kipeperushi kwenye kituo kimoja cha afya. Kilisema: "Utumiaji wa dawa hii ufanyike kila saa 8, na ni muhimu kuhakikisha ukamilishaji wa dozi unazingatiwa hata pale ambapo nafuu inaonekana."

"Shangazi, dawa unameza?"

"Nameza, mwanangu. Kila saa nane, nikishakula cha mchana."

Alikuwa akimeza kidonge kimoja kwa siku badala ya vitatu, na alikuwa akifuata maandishi barabara. Saa nane kwetu ni saa nane, huja mchana na huja usiku wa manane, na hakuna anayeamka usiku wa manane kumeza dawa. Aliyeandika alikuwa anawaza muda unaopita. Shangazi alisoma saa ya ukutani. Na hapo palipo na "utumiaji ufanyike", yeye mwenyewe hayumo.

Nilikwenda kituoni, nikaamkiana na muuguzi mkuu, tukakaa chini ya mwarobaini na kalamu. Alisikiliza vizuri. Tulipomaliza, karatasi ilisema: "Meza kidonge 1 saa 1 asubuhi, kidonge 1 saa 9 alasiri, na kidonge 1 saa 5 usiku. Ukipata nafuu, usiache. Meza mpaka vidonge viishe." Jioni nilimsomea shangazi, nikamwomba anieleze atafanya nini. Akanieleza saa zote tatu bila kukosea, akaongeza kwamba saa tano ya usiku atamwambia mjukuu amwamshe. Alipewa dozi mpya. Kidonda kilifunga.

Kwa hiyo ninyi ndugu zangu mnaoandika matangazo ya zahanati, ya maji, ya shule na ya ofisi za kata, nina ombi moja. Kabla hamjachapa, msomeeni mtu mmoja ambaye hakuwapo mlipokuwa mkiandika. Mwulizeni atafanya nini, na saa ngapi. Akisitasita, rudini mezani.